Kulala na Kushinda: Je, Miji Jirani ya Afrika Mashariki Ihesabiwe kuwa Jiji Moja?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanatakwimu na wapangamiji: je, miji inayopakana ihesabiwe kila mmoja peke yake, au ihesabiwe pamoja? Yanadai kwamba katika Afrika Mashariki swali hili limekwama kwa sababu mbili zinazohusu lugha. Ya kwanza ni kwamba neno jiji limebeba kwa wakati mmoja maana ya ukubwa, ya hadhi na ya mamlaka. Ya pili ni kwamba sensa zetu huuliza mtu alilala wapi wala haziulizi hushinda wapi. Mifano imetolewa Nairobi na kaunti zinazoizunguka, Dar es Salaam, na miji ya Goma na Gisenyi iliyotenganishwa na mpaka wa nchi mbili. Makala yanapendekeza istilahi mbili, miji ambatani na wakazi wa kutwa, pamoja na swali moja la kuongezwa katika dodoso la sensa.

1. Mji wa nne kwa ukubwa

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya ni Ruiru. Una watu 490,120, ukitanguliwa na Nairobi, Mombasa na Nakuru, na umeiacha nyuma miji ya Eldoret (475,716) na Kisumu (397,957). Mgeni akiisoma orodha hiyo atatarajia kuukuta Ruiru ukiwa na hospitali kuu ya rufaa inayohudumia eneo zima, masoko ya jumla yanayolisha wilaya za jirani, na ofisi za mashirika ya ukanda. Eldoret una hayo. Kisumu, bandari ya Ziwa Viktoria, una hayo pia. Ruiru ni mji wa nyumba za kupanga, viwanda kadhaa na vituo vya matatu kando ya barabara kuu ya Thika, na sehemu kubwa ya watu wake hutoka alfajiri kuelekea Nairobi na kurejea giza limekwisha kuingia.

Orodha ya sensa haina kosa la hesabu. Watu 490,120 walilala Ruiru usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na sensa iliwahesabu pale walipolala. Tatizo ni matumizi tunayoiwekea hesabu hiyo. Mshauri wa sera anayelinganisha Ruiru na Eldoret analinganisha chumba cha kulala na nyumba nzima. Mavoko (322,499) na Kikuyu (323,881) imo katika orodha hiyohiyo kwa namna hiyohiyo.

Upande wa pili wa mizani, tukiamua kwamba Ruiru si mji wa kujitegemea bali ni sehemu ya Nairobi, tunaulizwa mara moja: sehemu kwa maana gani? Ruiru una bodi yake ya manispaa na umo katika Kaunti ya Kiambu, yenye gavana na bunge lake. Kuna mkazi wa Ruiru anayelipa kodi ya ardhi Kiambu, kibali cha biashara Nairobi, na nauli kwa wote wawili. Swali la kuhesabu miji pamoja ni swali la nani atamjengea mtu huyu choo, shule na njia ya miguu, na kwa fedha za nani.

2. Neno jiji na mzigo wake

Kimofolojia, jiji ni neno jepesi. Mzizi -ji wa mji umepewa kiambishi cha ukubwa, kama vile mtu anavyokuwa jitu. Kwa umbo lake, basi, jiji ni mji mkubwa tu, na msemaji wa kawaida hulitumia hivyo: anayetoka Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto husema anaishi jijini, na hakuna atakayembishia.

Sheria imelifanyia neno hili kazi nyingine. Tangu Nairobi ilipopewa hati ya jiji mwaka 1950 kwa idhini ya Mfalme wa Uingereza, jiji limekuwa cheo. Mji hautazamiwi tu kukua mpaka ukawa jiji; unatunukiwa, kuna sherehe, kuna hati inayokabidhiwa, kama ilivyokuwa Nakuru Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024. Kwa hiyo neno lilelile lina maana ya ukubwa unaoonekana kwa macho na maana ya hadhi inayotolewa na dola.

Dar es Salaam ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi umbali kati ya maana hizi mbili. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Sensa ya mwaka uliofuata ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Kati yao 1,649,912 tu ndio waliokuwa ndani ya Jiji kwa maana ya kisheria. Waliobaki, yaani zaidi ya theluthi mbili, walikuwa Temeke (1,346,674), Ubungo (1,086,912), Kinondoni (982,328) na Kigamboni (317,902). Kwa lugha ya sheria, mkazi wa Sinza au wa Masaki haishi katika Jiji la Dar es Salaam. Kwa lugha ya watu, sentensi hiyo ni kichekesho.

Sina nia ya kuhukumu uamuzi ule wa kiutawala. Una sababu zake za matumizi ya fedha na kuondoa ngazi zinazorudufiana. Ninachosisitiza ni matokeo yake kwa anayehesabu. Mtafiti anayeandika kwamba Jiji la Dar es Salaam lina watu milioni 1.6, na mwenzake anayeandika kwamba lina watu milioni 5.4, wote wawili wana takwimu za ofisi moja na mwaka mmoja. Na hata ile milioni 5.4 inakoma kwenye mpaka wa mkoa, huku nyumba zikiendelea bila pengo kubwa hadi Kibaha, ambako ni Mkoa wa Pwani. Mamlaka ya maji, DAWASA, haikusubiri mjadala wa istilahi. Inahudumia Dar es Salaam pamoja na sehemu za Pwani kwa sababu maji yenyewe yanatoka Mto Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini iko Pwani. Bomba limekwisha kuhesabu miji hiyo kuwa kitu kimoja.

Tofauti za nchi kwa nchi huzidisha ugumu. Kata ya Tanzania ni eneo linalochagua diwani, ilhali kata ya Kenya iko chini ya chifu anayeteuliwa na serikali. Kitongoji katika sheria za Tanzania ni sehemu ya kijiji, lakini mwandishi wa Mombasa hulitumia kwa maana ya makazi ya pembezoni mwa mji. Tukitaka kutaja eneo lote linalofanya kazi kama mji mmoja, hatuna neno lililotulia. Mji mkuu haufai, kwa kuwa maana yake ni makao ya serikali. Jiji kuu linakaribia mno mji mkuu, nalo huleta dhana ya mkubwa na wadogo wake. Miji pacha na miji dada yamekwisha kuchukuliwa na mikataba ya urafiki kati ya miji iliyo mbalimbali. Viunga huonyesha kwamba kuna kitovu kimoja na vilivyobaki ni ukingo tu.

Napendekeza miji ambatani. Wanaisimu wa Kiswahili wana mazoea ya muda mrefu na neno ambatani: mwanachama ni mwana na chama, kila kimoja kinaendelea kuishi peke yake katika lugha, lakini vikiungana huchukua wingi mmoja na kufanya kazi moja katika sentensi. Hakuna asemaye kwamba chama kimemezwa na mwana. Hicho ndicho hasa kinachotakiwa kuelezwa kuhusu Thika na Nairobi. Thika ina viwanda vyake, mashamba ya mananasi jirani yake, na watu wanaochukizwa kuambiwa kwamba wanaishi Nairobi. Wanaweza kuendelea kuchukizwa kwa haki kabisa, na bado Thika ikahesabiwa pamoja na Nairobi kwa ajili ya reli na maji.

3. Namna za kuhesabu

Njia zinazotumika duniani zinatofautiana katika jambo moja la msingi: kinachounganisha miji ni nini?

Wako wanaojibu kwamba ni majengo. Ufaransa huhesabu kuwa mji mmoja mfululizo wa majengo usiokatwa na pengo linalozidi mita 200, wenye wakazi wasiopungua 2,000. Mradi wa Africapolis, unaotumia picha za satelaiti kuihesabu miji ya Afrika, umeichukua mita 200 hiyohiyo na kupandisha idadi ya wakazi hadi 10,000. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali mipaka ya utawala. Udhaifu wake ni kwamba nyumba hazisemi lolote kuhusu watu waliomo: vitongoji viwili vinaweza kugusana na visiwe na biashara yoyote kati yao, na miji miwili inaweza kutenganishwa na shamba la kahawa na ikategemeana kwa kila kitu.

Njia ya pili ni msongamano. Mwaka 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha utaratibu unaoigawa ardhi katika miraba ya kilomita moja kwa moja. Miraba inayogusana, kila mmoja ukiwa na watu wasiopungua 1,500, ikifikisha jumla ya watu 50,000, huhesabiwa kuwa jiji. Taathira ya utaratibu huu ilionekana wazi mwaka 2025, ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu ukuaji wa miji ilipoutumia. Jakarta, iliyokuwa ikiandikwa kuwa na watu takriban milioni 10 katika ripoti ya 2018, ilipata karibu milioni 42 na kuipita Tokyo, iliyokuwa ikiongoza kwa miaka mingi. Watu milioni 30 hawakuhamia Jakarta katika miaka saba. Walikuwapo siku zote, Bogor, Depok, Tangerang na Bekasi, wakiandikwa katika mistari mingine ya jedwali.

Njia ya tatu ni mwendo wa watu, na Marekani ndiyo iliyoitumia kwa muda mrefu zaidi. Huko kaunti ya pembezoni huunganishwa na kaunti ya kati iwapo angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo wanafanya kazi katika ile ya kati, au kinyume chake. Ndiyo maana Dallas na Fort Worth huhesabiwa eneo moja, ilhali Washington na Baltimore huwa maeneo mawili yaliyounganishwa kwa fundo jepesi zaidi la ngazi ya juu. Raleigh na Durham, zilizozoea kutajwa kwa pumzi moja, zilitenganishwa mwaka 2003. Wamarekani wamebishana sana juu ya maamuzi haya, maana cheo cha eneo katika orodha huvuta wawekezaji na matangazo ya biashara. Hata hivyo wanabishana wakiwa na takwimu ya jambo lenyewe.

Njia hii ya tatu ndiyo inayokaribia zaidi swali letu, nami naiunga mkono, lakini haihamishiki jinsi ilivyo. Inadhani kwamba mtu ana mahali pamoja pa kazi penye anwani. Machinga hana. Dereva wa bodaboda hana. Mama lishe anaweza kuwa napo mpaka siku askari wa mgambo watakapopita. Tukiuliza kuhusu ajira peke yake tutawapoteza watu hao, na ndio wengi barabarani saa kumi na mbili asubuhi.

4. Nairobi zaidi ya moja

Historia ya karibuni ya Nairobi ni somo la namna serikali moja inavyoweza kuchora mpaka wa eneo lilelile mara nyingi, kila mara kwa kalamu tofauti.

Mwaka 2008 Kenya iliunda wizara maalumu ya maendeleo ya eneo la Nairobi na miji inayoizunguka, nayo ikatoa dira iliyoitwa Nairobi Metro 2030. Ugatuzi ulipoingia mwaka 2013, kila kaunti ikapata serikali yake, na dira ile ikabaki bila mwenyewe. Mwaka 2017 ikaundwa NAMATA, mamlaka ya uchukuzi ya kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kwa takwimu za 2019, kaunti hizo tano zina jumla ya watu 10,411,220.

Jumla hiyo hutajwa kwa fahari, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi la kuhesabu pamoja. Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 21,900, ilhali Nairobi haizidi sana 700. Ngong, Ongata Rongai na Kitengela zimeungana na Nairobi kwa kila kigezo. Lakini Kajiado pia ni Magadi, ni Namanga mpakani mwa Tanzania, na ni Amboseli. Mchungaji wa Kimaasai aliye chini ya Mlima Kilimanjaro ameingizwa katika hesabu ya Nairobi kubwa, na tembo nao wasingekosa nafasi kama wangehesabiwa. Ukubwa wa kipande ndio ulioleta hali hii. Ukiunganisha kaunti nzima, unakokota na vyote vilivyomo.

Aprili 2020 ukaja mpaka mwingine, na huo ndio ulionifanya nianze utafiti huu. Serikali ilipopiga marufuku kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi ili kuzuia Korona, ilibidi iseme eneo hilo linaishia wapi. Haikutumia kaunti tano. Ilisema: Kiambu mpaka daraja la Mto Chania huko Thika, pamoja na Rironi, Ndenderu na mji wa Kiambu, Machakos mpaka Athi River, pamoja na Katani, Kajiado kwa kuitaja Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong. Murang'a ikaachwa ng'ambo ya daraja. Orodha hii ya madaraja na vituo vya matatu iliandaliwa kwa haraka, na kwa maoni yangu ndiyo maelezo bora zaidi ya mipaka ya Nairobi ambayo yamewahi kutolewa na chombo cha dola. Aliyeiandaa alijiuliza swali lililo sahihi: watu hawa hukutana wapi mchana?

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, wimbi jingine lilipokuja, serikali iliyarudia makaunti mazima. Safari hii eneo lililofungwa lilikuwa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru.

Katikati ya hayo yote, kati ya 2020 na 2022, shughuli za Kaunti ya Nairobi ziliendeshwa na chombo kilichofahamika kwa ufupisho NMS. Jina lake la Kiingereza lilidokeza eneo pana la miji mingi, ilhali mamlaka yake hayakuvuka mpaka wa kaunti moja. Kwa Kiswahili aghalabu kiliitwa idara ya huduma za jiji, na nadhani mtafsiri alikuwa mkweli kuliko asili.

Athari za kukosa mpaka mmoja unaoeleweka hazikomei katika istilahi. Mgawo wa fedha za serikali kuu kwa kaunti za Kenya huzingatia, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu, na idadi hiyo ni ya waliolala. Mwaka 2020 Seneti iliahirisha mara kwa mara uamuzi wa fomula mpya kwa sababu ya mvutano mkali juu ya uzito wa idadi ya watu ukilinganishwa na ukubwa wa ardhi. Mjadala huo ulikuwa wa maeneo yenye watu wengi dhidi ya maeneo kame. Tofauti ya mchana na usiku haikupewa nafasi. Nairobi inafagia taka za watu waliolala Kiambu, na Kiambu inajenga shule za watoto ambao jasho la wazazi wao linaingiza mapato Nairobi. Kila upande unaamini kwamba unamfadhili mwenzake. Huenda wote wana haki, lakini hakuna jedwali la kuwaamua. Murang'a nayo inalalamika kwamba bwawa la Ndakaini, linaloinywesha Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, liko kwake, na wakazi wake wenyewe wana kiu. Tusiwahesabu wachungaji wa Amboseli kuwa wakazi wa Nairobi, lakini bwawa lile ni lazima lihesabiwe mahali fulani.

Nimesikia viongozi wa kaunti jirani wakikataa mpango wowote wenye neno jiji ndani yake, hata mpango wa mabasi. Wachambuzi huona huko ubinafsi wa kisiasa. Mimi naona pia usikivu wa kawaida wa lugha. Ukimwambia mtu kwamba mji wake umo ndani ya jiji, na jiji ni cheo chenye mamlaka, umemwambia kwamba mamlaka yake yameondoka.

5. Goma na Gisenyi

Kuna mahali ambapo usikivu huo wa lugha ni suala la uhai. Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, na Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, imegusana ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mtaa mmoja ukiisha, mwingine unaanza. Kati yake kuna kizuizi. Katika nyakati za kawaida makumi ya maelfu ya watu huvuka kila siku kwenye kivuko kidogo, wengi wao wakiwa wanawake wenye mizigo ya mboga, unga na vitambaa kichwani. Faranga za pande zote mbili na dola huzunguka sokoni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowawezesha kupatana bei. Kwa kigezo cha majengo, cha msongamano au cha mwendo, miji hii ni mmoja.

Volkano ya Nyiragongo imekwisha kuihesabu hivyo. Ilipolipuka Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Mei 2021 ililipuka tena. Watu walivuka usiku uleule, na mitetemeko iliyofuata ilipasua kuta pande zote mbili. Kadhalika maradhi. Ebola ilipothibitishwa Goma Julai 2019, wasiwasi uliokuwapo Gisenyi ulikuwa wa jirani wa ukuta mmoja. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka, na siku hiyohiyo ikaufungua. Saa hizo chache zilitosha kuonyesha kwamba soko la upande mmoja haliendi bila la upande wa pili.

Sasa mtu ajaribu kuwahesabu. Rwanda ilifanya sensa mwaka 2022, na Wilaya ya Rubavu ilikuwa na watu zaidi ya 500,000. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, na tangu hapo idadi ya watu wa Goma imekuwa ya makadirio, yanayopishana kwa mamia ya maelfu. Jumla ya namba halisi na ya kukisia ni ya kukisia. Zaidi ya hayo, Goma ilitekwa na waasi wa M23 Novemba 2012 na tena Januari 2025, na shutuma kwamba Rwanda inawaunga mkono waasi hao zimefanya mpaka uwe kidonda. Mtafiti atakayeandika leo kwamba Goma na Gisenyi ni jiji moja atasomwa Kinshasa kama anayehalalisha unyakuzi wa ardhi. Hatakuwa amesema hivyo, lakini neno jiji litakuwa limemsemea.

Hapa istilahi miji ambatani ina kazi ya kufanya ambayo jiji haliwezi. Inaruhusu kuandika mpango wa pamoja wa kuhama volkano ikilipuka, wa chanjo na wa uchunguzi wa maradhi, bila kugusa swali la nani anatawala wapi. Nchi zote mbili sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Gisenyi yenyewe ndipo ulipotiwa saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu mwaka 1976. Vyombo vya kuupokea mpango kama huo, kwenye karatasi angalau, vipo.

6. Swali la kuongezwa

Kiswahili kina kitenzi ambacho wanatakwimu wa lugha nyingi wangekitamani. Mtu hulala mahali usiku, na hushinda mahali mchana: anashinda shambani, anashinda sokoni, anashinda nyumbani kwa shangazi, anashinda na njaa. Kitenzi hiki hakidai mshahara, anwani wala mwajiri. Kinamchukua machinga na karani kwa pamoja. Vilevile tuna kutwa: mwanafunzi wa kutwa hutofautishwa na wa bweni katika shule zetu zote, na kila mzazi anaelewa. Kwa hiyo wakazi wa kutwa ni istilahi isiyohitaji ufafanuzi mrefu kwa watu walio mahali fulani mchana, popote walipolala.

Napendekeza dodoso za sensa na za tafiti za kaya ziwe na swali hili kwa kila mwanakaya: Katika siku za kazi, hushinda wapi? Kiambishi hu- kimewekwa kwa makusudi. Kama tungeuliza jana alishinda wapi, siku ya sensa ingetuharibia jibu: tarehe 25 Agosti 2019 ilikuwa Jumapili, na tarehe 23 Agosti 2022 nchini Tanzania ilikuwa siku ya mapumziko. Hu- huondoa ajali ya siku moja na kutupa mazoea. Ni vyema pia swali lijaribiwe kabla, hasa kwa wasemaji ambao kushinda kwao kwanza ni kumpiku mwingine. Pengine maeneo hayo yatahitaji hukaa wapi mchana, ingawa kukaa kuna utata wake, maana kwa wengi ni kuishi.

Kiwango cha kuunganisha kisinakiliwe kutoka Marekani. Asilimia 25 ya wafanyakazi wenye ajira rasmi na asilimia 25 ya watu wote wanaotoka asubuhi ni vitu viwili, na kila nchi itahitaji kuona mgawanyo wa majibu yake kabla ya kuchagua namba. Lakini kipande cha kuhesabia kinaweza kuamuliwa sasa, kabla ya sensa ya Kenya inayotarajiwa 2029. Jibu la hushinda wapi liandikwe kwa jina la kata, si la wilaya wala la kaunti, ili Kitengela iweze kuunganishwa na Nairobi bila kuiburura Amboseli.